Muhogo Kwenye Ukanda wa Moto

Sikutaka kwenda kuishi msituni. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi, nikianza kusimulia ile miaka yetu kule kaskazini, wanangu wananitazama kana kwamba nilikwenda nikipiga vigelegele. Nilikwenda nimenuna. Kwenye bakkie, yaani pikapu tuliyoikodi kubeba vitu, nilikaa mbele na dereva, mume wangu akakaa nyuma kati ya godoro na masufuria, na kutoka Umbilo, mtaa wetu wa Durban, mpaka mashamba ya miwa yanapoishia sikugeuka hata mara moja kumtazama.

Nilizaliwa Kivu, kijijini, kwenye vumbi na mbuzi, lakini miaka zaidi ya ishirini ya Durban ilikuwa imenigeuza mtu wa mjini kabisa. Nilikuwa na kona yangu katika saluni ya Umbilo Road. Nilisuka Wazulu, Wakongo, Warundi, na hapo ndipo nilipojifunza Kizulu, maana mteja akikaa saa sita chini ya mikono yako lazima mzungumze. Jumapili nilikuwa kwaya. Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, na kutoka dirishani niliweza kujua mtoto wa nani analia na mama wa nani anakaanga samaki. Nilipenda kelele ile. Bado naipenda, sitadanganya.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa kiwanda kimoja kule Jacobs mpaka magoti yalipomshinda, wakamwambia apumzike. Akapumzika miezi sita, akitazama ukuta wa jengo la mbele. Kisha mtu mmoja kanisani akamwambia kuna kampuni ya mbao, kaskazini, inatafuta mume na mke watu wazima wakae kwenye nyumba iliyo ukingoni mwa msitu wake. Walinde geti, watazame moshi, na wasafishe ukanda wa moto. Nyumba bure. Mume wangu alisema ndiyo kabla mtu wa watu hajamaliza kueleza. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilipata habari nikiwa nakoroga fufu.

"Mama, tumepata nyumba," akasema.

"Sisi si tuko na nyumba?"

"Hii haina ngazi."

Alijua hilo halikuwa jibu, nami nilijua. Jambo lenyewe lilikuwa kiti, na sharti nieleze kile kiti.

Tulipofika Durban tuliishi mtaa wa Point, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia, familia tatu. Mwaka mmoja watu walipanda ngazi za jengo letu wakigonga milango na kuuliza wageni wako wapi. Mume wangu aliegemeza mgongo wake kwenye mlango, miguu akaikaza ukutani, akakaa hivyo tangu jioni mpaka kulipokucha, watoto wakiwa chini ya kitanda na mimi nikiwa nimewaziba midomo. Mlango haukufunguka. Tulipohamia Umbilo, kitu cha kwanza alichonunua, kabla ya kitanda, kilikuwa kiti cha mbao kutoka duka la mitumba, kizito, cha kunyanyuliwa kwa mikono miwili. Kila jioni, tukishaingia wote, alikiegemeza chini ya kitasa cha mlango. Miaka na miaka. Watoto walikua wakidhani ndivyo milango inavyofungwa. Hatua za jirani zikisikika kwenye ngazi, yeye anaamka. Hata mchana, akijilaza kwenye kochi, ukipita na ndala zako tu ameshakaa wima na macho mekundu.

Kwa hiyo tukahama na kiti.

Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, bati juu, na tangi la maji ya mvua. Pande tatu ilizungukwa na mikaratusi, mirefu, iliyopandwa kwa mistari hata ukipita unaona njia zinafunguka na kujifunga. Upande wa nne kulikuwa na ule ukanda wa moto, yaani kipande kirefu cha ardhi kinachoachwa kitupu ili moto ukija ukose cha kushika. Ng'ambo ya ukanda ilianza miteremko ya miwa, na mbali kabisa ulionekana mstari mwembamba wa barabara ya kwenda Durban. Mimi niliuona mstari ule siku ya kwanza, kabla sijaona jiko liko wapi.

Siku zetu zilifanana, na sasa nazikumbuka zote kama siku moja ndefu. Yeye ndiye aliyeamka kwanza. Alipuliza moto, na kuni za mkaratusi zikishika hunukia dawa ya mafua, basi mashuka yalinukia hivyo, nywele zangu zilinukia hivyo, hata wali. Chai ya maziwa, sukari nyingi, mkate. Redioni tulisikiliza habari za Kizulu, nikimtafsiria, kwa sababu Kizulu chake miaka yote hiyo kilikomea kwenye salamu. Kisha yeye alishika fimbo akapita ukingoni mwa msitu, nami nikafagia. Mikaratusi haimalizi kudondosha majani. Ukifika mwisho wa ua unaanzia tena ulikotoka, na juu ya bati wale ndege kwarara wanapiga makelele yao kama wanaokucheka. Ngedere walituibia sabuni mara mbili. Ya kwanza waliitupa baada ya kuionja, ya pili sijui waliipeleka wapi.

Saa nne na saa nane tulipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba kutazama moshi. Kazi ilikuwa yake, lakini nilimfuata kwa sababu juu ya kile kilima tu ndipo simu ilipopata mtandao. Simu ikawa mali yangu. Yeye alitazama msitu, mimi niliongea na binti yangu Umbilo, nikamwuliza nani kajifungua, nani kagombana, bei ya samaki. Saa nane pia ndipo induna, yaani msimamizi wetu wa kampuni, alipopiga kama ana neno, na kwa kuwa alizungumza Kizulu, aliongea na mimi.

Majira ya baridi ya kwanza niliona moshi mzito ukipanda upande wa kusini, na majivu meusi yakaanza kutua kwenye nguo nilizoanika. Sikumngoja mume wangu. Nilikimbia kilimani nikapiga simu, nikipiga na kelele. Gari la zimamoto la kampuni likaja na wanaume wanane wamevaa mabuti. Induna akashuka, akatazama, akashika kiuno.

"Eish, gogo," akaniambia, maana kule kila mwanamke mwenye mvi ni gogo, yaani bibi, "wale wanachoma miwa ili waivune. Kila mwaka wanachoma."

Wanaume wanane walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wangu hakucheka. Tangu siku ile alijifundisha moshi kwa pua. Wa miwa una utamu, alisema, wa nyasi unawasha, wa mkaratusi unafungua kifua. Alisimama juu ya kilima amefumba macho akinusa, na mimi nikimtania kwamba kampuni imeajiri mbwa. Hakukosea tena hata mara moja, na moyoni nilijivuna, ingawa sikumwambia.

Jirani yetu alikuwa mmoja, bibi wa Kizulu mwenye mbuzi, nyumba yake bondeni. Nilimwita gogo, naye akaniita gogo, tukaitana hivyo miaka yote. Aliniletea magimbi, nikamsuka. Alikuwa na nywele chache na maneno mengi.

Sasa muhogo. Mume wangu alikuwa na hamu moja iliyomtesa Durban nzima: sombe, majani ya muhogo, yale wenzetu Watanzania wanayaita kisamvu. Mjini tulinunua yaliyogandishwa kwenye mifuko. Alikula, akashukuru, kisha akasema kila mara neno lile lile, kwamba haya yamekufa njiani. Mama mmoja Mrundi wa kanisani kwetu alikuwa na uwanja mdogo nyuma ya nyumba yake, akampa vijiti vya muhogo. Akavipanda nyuma ya nyumba yetu ya msituni. Havikufika popote. Mikaratusi inakunywa maji yote na kivuli chake hakina huruma. Mwaka wa pili akaomba vingine, na safari hii hakupanda nyuma ya nyumba.

Mtu wa kwetu akiona ardhi tupu inayopigwa jua, mkono unamuwasha. Tumekulia mahali ambapo shamba lisilolimwa ni aibu ya mwenyewe, na majirani humsema mpaka alime. Tulisimama wawili tukiutazama ule ukanda, mrefu, mwekundu, safi.

"Mama, ona udongo hii," akasema. "Jua iko, mvua iko, na hakuna mutu analima. Hawa batu bana shida gani?"

"Pengine balisahau."

"Basi tubasaidie."

Sikumzuia. Hata mimi, mtu wa saluni, niliona ni upotevu. Mvua za kwanza zilipoanguka mwezi wa tisa akapanda mistari mitatu, ndefu, iliyonyooka kuliko mikaratusi ya kampuni. Induna hakupita upande ule wakati wa mvua. Mwezi wa pili tukachuma majani ya kwanza. Niliyatwanga mwenyewe kwenye kinu alichokichonga kwa gogo la mkaratusi, nikaogopa yatanukia dawa. Hayakunukia. Niliyapika na mafuta ya mawese na samaki mkavu, mume wangu akala, akaweka kijiko chini, akatoka nje. Nilimkuta kwenye tangi anajisafisha uso. Tangu tuondoke kwetu nilikuwa sijamwona akilia kwa jambo zuri.

Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, induna akaja. Akatembea kwenye mistari ya muhogo, mikono nyuma.

"Gogo, mzee amepanda nini?"

"Chakula."

"Hapa hapapandwi kitu. Hata ua hapapandwi." Hakukasirika, alionekana amechoka tu. Alieleza, nami nikatafsiri: mkaguzi wa bima huja kila mwaka kabla ya msimu wa moto, na akikuta ukanda una kitu, kampuni haina bima, na sisi hatuna nyumba. Mume wangu akajaribu kusema muhogo mbichi haushiki moto. Induna akatikisa kichwa. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi.

"Bon," mume wangu akasema. "Mwisho wa mwezi nitang'oa."

Na angeng'oa. Hakuwa mbishi. Alitaka tu zile siku zilizobaki, kwa sababu mizizi ilikuwa ndiyo kwanza inanenepa, na kila siku kwake ilikuwa na uzito. Asubuhi alikwenda kuipalilia kana kwamba itakaa miaka kumi. Kwangu mimi, kusema kweli, tangu induna alipotamka zile habari za kukosa nyumba, kitu kilikuwa kimenikaa kichwani na kukataa kutoka.

Jumatatu, lundi kama tunavyosema sisi, saa nane, simu ikalia juu ya kilima. Mume wangu alikuwa upande wa pili ananusa upepo wake. Induna akaniambia mkaguzi amebadilisha siku. Anakuja Alhamisi. Kila kitu kiwe kimeng'olewa kabla ya Alhamisi asubuhi, mwambie mzee.

"Sharp," nikasema, yaani sawa.

Nilishuka kilima nyuma ya mume wangu, nikitazama shati lake, na sikumwambia.

Naliandika hili polepole. Sikusahau, wala mtandao haukukata. Niliusikia ujumbe, nikauelewa, nikaumeza. Nilifikiri hivi: mkaguzi atakuja, ataona muhogo, tutaondolewa, na hakuna atakayesema ni mimi. Nitarudi Umbilo. Nitalala nikisikia magari. Nitakaa kwaya mstari wangu wa pili, kushoto. Mume wangu atalaumu bima, na mimi nitampikia, nitampa pole. Jumanne nilifunga vikombe vizuri kwenye gazeti, nikaviweka ndani ya boksi, nikasukuma boksi chini ya kitanda. Nilimpigia binti yetu nikamwambia aandae kile chumba cha pembeni. Akauliza kuna nini. Nikamwambia pengine baba yako amechoka na msitu.

Mume wangu, aliyechoka na msitu, siku hiyo hiyo aliniletea mzizi mmoja wa muhogo uliochomoza juu ya udongo, mwembamba, akaupima kwenye mkono wangu. "Imefika hapa," akasema, akinigusa kifundo cha mkono. "Iliyobaki, wiki ijayo itafika hapa." Nikamwambia asinichafue.

Jumatano mchana nilitoka jikoni kumwaga maji. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, wote, umeegemezwa ukutani kwa jiwe. Yeye alikuwa amelala barazani juu ya mkeka, kofia usoni, anakoroma. Nikamwona gogo anapanda kutoka bondeni na mbuzi wake. Mbuzi wakapita mbele ya baraza wakilia, kengele ya beberu ikigonga. Gogo akasalimia kwa sauti yake ile ya kuita ng'ambo ya mto. Kwarara wakaruka kutoka kwenye bati. Yeye hakutikisika. Mbuzi mmoja alikuja akanusa miguu yake, akavuta nyasi iliyokuwa imeshikamana na soli, na mume wangu akajikuna tu, akageukia upande wa pili.

Nilisimama na beseni langu. Nilitaka kukumbuka ni lini mara ya mwisho kile kiti kilikuwa mlangoni, nikashindwa. Kilikuwa jikoni, kimewekewa ndoo ya unga. Tangu lini? Wiki za mwanzo alikiegemeza, hilo nalikumbuka. Kisha jioni moja lazima alikikalia kuvua mabuti, akakiacha hapo hapo, na jioni iliyofuata, na nyingine, na mimi, niliyelala ubavuni mwake, nilikuwa nimeangalia barabara kiasi cha kutoliona jambo lile. Mtu huyu alikuwa amelala mlango wazi. Na mimi nilikuwa nimefunga vikombe.

Nilimwaga maji miguuni mwangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha moto masikioni. Nikachukua jembe nikaenda ukandani.

Kung'oa muhogo si kazi ya mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyezoea chanuo. Unalegeza udongo, unashika shina chini kwa mikono miwili, unavuta kwa mgongo. Nilikuwa nimemaliza kama mashina kumi, ninalia na kutukana kwa pamoja, niliposikia ndala zake.

"Mama! Unafanya nini? Bado siku kumi!"

"Anakuya kesho."

"Nani?"

"Mutu wa bima. Induna alipiga simu."

"Alipiga leo?"

Ningeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua.

"Alipiga lundi," nikasema.

Alinitazama. Niliona anavyohesabu: Jumatatu, Jumanne, leo. Niliona anavyokumbuka simu kwenye kilima, mzizi aliouleta. Alitazama nyumba, na nadhani aliliona lile boksi chini ya kitanda ingawa halikuonekana kutoka pale. Alikwenda mwisho wa mstari, mbali kabisa na mimi, akaanza kung'oa kutoka upande ule.

Tulikutana katikati jua likishuka. Gogo alikuwa amerudi na panga, akawa anakata mashina vipande vya kupanda na kuvifunga mafungu, bila kuuliza. Akasema atavitunza kwenye zizi lake, kwenye ubichi. Mizizi ilijaa magunia mawili, mingi ikiwa membamba, mingine minene hata nikashangaa. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Mume wangu alisawazisha udongo kwa jembe mpaka mahali pale pakawa kama hapajawahi kuwa na mtu.

Alhamisi mkaguzi alikuja. Hakushuka hata garini. Alishusha kioo, akatazama ukanda kushoto na kulia, akaandika, akapandisha kioo.

Siku tatu mume wangu hakunisemesha. Alikula mkate na chai. Nilimpikia sombe la yale majani ya mwisho, akaipita sahani kama haipo, na kwa mtu yule hakukuwa na adhabu kubwa zaidi ya kujinyima kitu kile. Alizungumza na kuku wetu mmoja aliyedonoa mlangoni. "We kuku, mwambie mwenye nyumba chumvi imeisha." Nami nikamjibu kuku kwamba chumvi iko juu ya kabati pale pale inapokaa kila siku. Lakini sikucheka. Niliogopa. Tumeoana tukiwa watoto, tumevuka mipaka minne, na sikuwahi kumfanyia jambo ambalo hakuna wa kulaumiwa ila mimi.

Siku ya nne, asubuhi, nilisikia anaburuta kitu. Aliondoa ndoo ya unga, akabeba kile kiti kwa mikono miwili, magoti yakimlalamikia, akakipeleka nje mpaka mwisho wa ua. Akakigeuza, akakitikisa kuona kama kimetulia.

"Kuya huku," akaniambia. Mimi, si kuku.

Nikaenda.

"Ikala."

Nikakaa. Mbele yangu ulikuwa ukanda mtupu, na miwa, na kule mbali ile barabara, magari madogo yakienda Durban.

"Unaiona?"

"Ninaiona."

"Siku utataka kwenda, usiache banifukuze. Uniambie mimi. Tutaenda wote."

Akaenda kuchemsha chai. Nilibaki pale nikalia mpaka chai ikaiva, na alipoileta nikamwomba msamaha, kwa maneno, siyo kwa kupika. Akasema, "Bon." Mchana alikula sombe la siku ya pili na akauliza kwa nini chumvi imezidi.

Tulikaa miaka mingine minne. Kiti hakikuingia ndani tena isipokuwa mvua ikinyesha. Niliona kutoka pale miwa ikikua, ikichomwa, ikivunwa, na paa wadogo wakitoka msituni kulamba umande. Muhogo ulihamia bondeni kwa gogo, nusu yake, nusu yetu. Mimi niliitazama ile barabara kila asubuhi nikinywa chai, na kila asubuhi ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa aibu. Baadaye nilinyamaza kwa sababu sikuwa na cha kusema. Nilikuwa nimekaa vizuri.

Mwishowe miti yenyewe ndiyo iliyotuondoa. Mikaratusi hupandwa ikatwe. Mwaka jana mashine zilikuja, zikaanza upande wa magharibi, na kwa majuma kadhaa tulisikia miti ikianguka tangu chai mpaka chakula cha jioni. Walipomaliza, mbingu ilikuwa kubwa mno juu ya bati letu. Hapakuwa na cha kulinda. Induna alikuja mwenyewe kutuaga, akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake yote miwili. Gogo akatupa fungu moja la vijiti. Kwenye bakkie, safari hii, nilikaa nyuma na mume wangu, tukiegemea godoro, nami ndiye niliyeangalia kule tunakotoka mpaka kukafichika.

Sasa tuko Umbilo, kwa binti yetu, ghorofa ya pili. Nina ile kelele yangu. Nina kwaya, ingawa mstari wangu alishakaa mwingine. Kila nilichokitaka siku ile juu ya kilima nimekipata.

Jioni ya kwanza, tulipokwisha kula, mume wangu aliinuka, akakitafuta kiti kati ya vitu ambavyo havijapangwa, akakibeba, akakiegemeza chini ya kitasa cha mlango. Alikikaza kwa goti kama zamani, akajaribu mlango, akaenda kulala. Nilibaki jikoni nimeshika kitambaa cha vyombo. Binti yangu akaniuliza mama una nini. Nikamwambia kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Kwa hiyo siku hizi tuna vita. Asubuhi mimi nakitoa kiti, nakiweka roshani, karibu na ndoo ya rangi tuliyopanda kile kijiti cha gogo. Jioni yeye anakichukua anakirudisha mlangoni. Hatugombani. Kila mmoja anafanya kazi yake.

Wiki iliyopita niliamua kubadilisha mbinu. Kabla ya jioni nilikwenda roshani nikakikalia. Akaja, akanikuta.

"Inuka, mama, nifunge mulango."

"Mulango imefungwa, papa. Ufunguo iko ndani."

"Nipatie kiti."

"Sikupatii. Lete yako."

Akasimama pale, ananihemea kisogoni. Chini, taa za robot, zile za kuongoza magari, zilibadilika, taxi zikapiga honi, mtu akacheka kwenye ngazi za jengo letu na hatua zake zikapanda. Nilihisi mume wangu anageuza kichwa kuzisikiliza. Zikapita mlango wetu, zikaendelea juu. Kisha akaingia ndani, nikajua nimeshindwa, na nikawa najikaza niinuke, nilipomsikia anarudi anaburuta kreti ya soda. Akaipindua, akakaa kando yangu, magoti yakilia.

Akayashika majani ya muhogo, akayahesabu kwa kidole.

"Kwenye ndoo haiwezi kuzaa mizizi," akasema.

"Haiwezi. Majani tu."

"Majani inatosha."

Tukakaa pale mpaka binti yetu alipotuita kula, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wake tu.